Barua kwa Bi Nesi: Nilikwenda kuchangia damu, nikarudi na homa ya ini C

SWALI

Assalamu alaykum Bi Nesi. Mimi ni mwanamme wa miaka 43, mkaazi wa Wete, Pemba. Msimu ukifika nachuma karafuu, na nje ya msimu nakwenda baharini kutega madema. Shemeji yangu alijifungua kwa upasuaji, tukaambiwa ndugu tuchangie damu. Nikaenda, nikatoa. Baada ya siku kadhaa nikapigiwa simu nirudi. Nikapewa karatasi, nikaambiwa damu yangu haitatumika, nimeonekana na homa ya ini C, nikamuone daktari.

Siumwi na kitu. Nala vizuri, kazi nafanya. Maishani sijagusa unga wala pombe. Nilipomwambia mke wangu alilia, akamwambia mama yake. Tangu siku hiyo mama mkwe kanitengea sahani, kikombe na hata kata ya kuogea. Watoto wanakula sinia moja na mama yao, mimi napelekewa changu ukumbini. Mke analala na watoto. Kuna jamaa ananiuzia unga wa miti wa kusafisha ini, shilingi elfu thelathini kopo, na mwengine ananishauri nikapige hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe, itoke damu mbovu. Ramadhani nayo haiko mbali. Naomba unijibu: nimeipata wapi, nitaishi muda gani, na je, ni kweli nisile na wanangu?

Aliyetengewa sahani, Wete

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Nianze na swali la mwisho maana ndilo linalokuumiza kila siku. Mwambie mama mkwe, kwa adabu, na ikibidi msomee hapa, airudishe sahani kabatini. Kirusi cha homa ya ini C kimo ndani ya damu, na kinapita kutoka damu ya mtu kuingia damu ya mwengine. Wali haukibebi, wala mchuzi, kata, choo, kikohozi au mkono uliopewa salamu. Leo hii mchana unaweza kukaa na wanao mkatia mikono kwenye sinia moja. Pale barazani, vikombe vya kahawa vinaposuuzwa kwenye bakuli moja kisha akapewa mwengine, mimi naogopa kipindupindu. Homa ya ini C hainijii hata akilini. Wazee wetu wanaichanganya na homa ya ini A na E, ambazo kweli zinapita kwa maji na chakula kichafu. Herufi zinafuatana, lakini virusi ni vyengine kabisa.

Na mimi yamenipata. Mwaka 1986 nilimwaga damu nyingi nikijifungua, nikaongezewa. Wakati ule hapakuwa na mtu duniani anayepima damu kwa kirusi hiki, kwa sababu chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Kilitambuliwa mwaka 1989, na wataalamu watatu waliofungua njia hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mimi nilikaa nacho zaidi ya miaka thelathini, nazunguka wodini, nalima, nazaa wengine, sijui. Huenda ni damu ile. Huenda ni sindano iliyonichoma kazini, enzi zile za sindano za glasi tunazochemsha wenyewe. Nilipokuja kumwambia dada yangu, alichemsha vikombe vyote vya nyumba isipokuwa changu. Changu alikitupa. Nilikuwa nakipenda kikombe kile. Wanangu wote walipimwa, hakukutwa hata mmoja, na miaka yote hiyo tulikula pamoja.

Sasa tuitazame hiyo karatasi yako. Benki ya damu hupima kila damu inayotolewa: Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Kwa hiyo C, kinachotazamwa kwa kawaida ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wako uliitengeneza baada ya kirusi kuingia. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu hata kirusi kikishaondoka. Na kuondoka kunatokea: katika kila watu 100 wanaoambukizwa, kati ya 15 na 45 mwili wao wenyewe hukifukuza kirusi ndani ya miezi sita, bila dawa, na wengi hawajui hata kama kiliwahi kuingia. Watu hao ukiwapima kingamwili, karatasi yao itasomeka kama yako, na hawana ugonjwa. Basi mpaka hapo ulipo hujaambiwa kwamba unaumwa. Umeambiwa tu kwamba kirusi kiliwahi kupita. Nyumba imeshagawanywa sahani kwa jibu la nusu.

Nusu iliyobaki ni kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Kwa daktari usiseme tu "nimekuja kupima ini." Sema: "Nataka kipimo cha wingi wa virusi vya homa ya ini C." Damu inatolewa mkononi kama kawaida. Mashine za GeneXpert, hizi zinazotumika kupima kifua kikuu, zinaweza kukifanya kipimo hicho ikiwepo katriji yake, yaani kikasha maalumu cha kipimo hicho. Pasipofanyika hospitali ya wilaya utaandikiwa rufaa, na kwa sisi wa Pemba rufaa ni boti ya Unguja, pengine hata kufika Muhimbili, Dar es Salaam. Muombe daktari apige simu kwanza ajue kama katriji zipo, ndipo ukate tiketi. Nimeona watu wanalala kwa jamaa mjini wiki nzima wakisubiri kipimo, mpaka wenyeji wao wanaanza kuwauliza mnarudi lini.

Umeuliza umeipata wapi, tena umetanguliza kwamba hujagusa unga. Nimefahamu, watu wameshaanza kunong'ona. Wacha nikupe kisa cha Misri. Kichocho unakijua, na wanao wameshagaiwa vidonge vyake skuli. Misri nao walikuwa nacho kwa wingi huko mashambani kwenye Mto Nile. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanakitibu kwa sindano za mshipani, kijiji hadi kijiji, na sindano iliyomchoma huyu ilimchoma na yule bila ya kuchemshwa inavyotakiwa. Kirusi ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho kikasafiri na sindano zile, hata Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Waliokipata ni wakulima na watoto waliopanga foleni kutafuta afya. Mwaka 2018 serikali yao ikaanza kupima watu kwa mamilioni na kuwatibu bure, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuitokomeza homa ya ini C. Anayekuambia huu ni ugonjwa wa wahuni, mpe kisa hicho.

Kwa upande wako inaweza kuwa sindano ya utotoni, jando la kisu kimoja, chale, wembe wa kinyozi, hijama, au damu uliyoongezewa. Huwezi kujua ni ipi, na daktari hana haja ya kujua ili akutibu. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Utaishi muda gani, hilo analo Mola. Ninachoweza kukwambia ni mwendo wa ugonjwa. Kirusi kinapobaki mwilini kinaliumiza ini taratibu, na kila penye jeraha panabaki kovu. Kati ya watu 100 wenye kirusi cha kudumu, 15 hadi 30 hufika kwenye ini lililosinyaa kwa makovu ndani ya miaka 20, na baadhi ya hao huishia kwenye saratani ya ini. Wengi hawafiki huko, ila hakuna anayezaliwa na alama usoni ya kwamba yeye yumo kundi gani. Na kutojisikia mgonjwa hakukuhakikishii kitu. Mimi nilikuwa natwika ndoo ya maji kichwani, na kumbe ini langu lina makovu ya kutosha.

Kirusi kikionekana, daktari atataka kujua hali ya ini: ALT na AST (vipimo vya damu vinavyoonesha kama ini linaumia), hesabu ya chembe za kugandisha damu, na ultrasaundi ya tumbo. Kipo na kipimo chengine ambacho wengine hukisahau, kwa hiyo kisimamie mwenyewe: upimwe homa ya ini B kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Mwenye zote mbili, C inapoondolewa B huweza kuamka na kuliharibu ini kwa kasi. Ukionekana huna B, omba chanjo yake, ni sindano tatu. Ya C haijapatikana mpaka leo.

Dawa sasa. Zamani tulikuwa na sindano za interferoni, miezi sita hadi mwaka mzima. Mgonjwa anatetemeka kama mwenye malaria, nywele zinapukutika, anakuwa mkali hata watu wa nyumbani wanamkimbia, na mwisho wa yote wengi hawaponi. Mwishoni mwa mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha kidonge cha sofosbuviri, kikauzwa dola 1,000 kimoja, yaani dola 84,000 kwa wiki 12. Niliposoma bei ile nilicheka, maana hapakuwa na jengine la kufanya. Hivi leo India na Misri zinatengeneza dawa ile ile kwa bei iliyo sehemu ndogo mno ya hiyo. Inayotumika sana katika nchi zetu ni sofosbuviri pamoja na daklatasviri, mara moja kwa siku, wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanapona. Wanapona kabisa, kirusi hakimo tena. Si kama dawa za Ukimwi unazomeza maisha.

Mimi nilikuwa nazimeza baada ya Isha. Chupa ina vidonge 28, na ndani yake kuna kifuko kidogo cha kunyonya unyevu ambacho mjukuu wangu alishikilia kwamba ni peremende na bibi anamnyima. Nilichokisikia ni kichwa kuuma siku za mwanzo na uchovu wa alasiri, basi. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho unapimwa tena wingi wa virusi. Wasipoonekana, umeshapona. Wengi hukimbia wakimaliza chupa kwa kuwa wanajisikia wazima. Usiwe miongoni mwao.

Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hata ya dukani. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zinaivunja nguvu dawa hii, dawa fulani za Ukimwi zinataka kiasi cha daklatasviri kibadilishwe, na mwenye kutumia amiodaroni ya mapigo ya moyo asipewe sofosbuviri, moyo unaweza kwenda polepole mpaka ukasimama.

Ramadhani: kama ini halijasinyaa na daktari hana neno, funga. Kidonge kinamezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo kipange futari au daku, saa ile ile kila siku, na ukishachagua usihame. Mwenye ini lililosinyaa, au tumbo limejaa maji, asifunge kwa kuwaonea haya majirani. Ruhusa ya mgonjwa haikuwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Huo unga wa kopo sasa. Mimi si adui wa miti. Nimelelewa kwa mchaichai na mvuje. Lakini kila unachokimeza kinapita kwenye ini, na ini ndilo tunalotaka lipumzike. Kopo halisemi ndani mna mti gani wala kiasi gani, na muuzaji naye hajui, aliletewa. Nimewapokea wodini watu waliokunywa dawa za kusafisha ini, macho yamegeuka rangi ya bizari, na walipokuja kuanza kunywa hawakuwa wakiumwa kitu. Elfu thelathini yako ifanye nauli ya kwenda kupima.

Hijama usiende kwa sasa. Hakuna damu mbovu iliyojikusanya mgongoni ikisubiri kunyonywa. Kirusi kimo kwenye damu yote, na kinazaliana ndani ya ini. Utakachofanya ni kumwachia kirusi kwenye vikombe yule atakayelala baada yako. Ukishapona na bado unaitaka sunna yako, nenda kwa mtu anayefungua wembe mpya mbele ya macho yako na kutumia vikombe vya kutupwa. Kwa kweli hilo ningewaambia hata wasio na ugonjwa wowote.

Mama mkwe akitaka lazima atenge kitu, mpe vya kutenga: wembe wako au mashine ya kunyolea, mswaki, na kikata kucha. Hivyo ndivyo hugusa damu bila mtu kuiona. Ukichubuka kwenye mkarafuu au ukachomwa na mwiba wa samaki, lifunge jeraha. Damu ikidondoka sakafuni, ifute kwa kitambaa cha kutupa, mikono ikiwa na glovu, kisha pitisha jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, iache dakika kumi ndipo uoshe. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai siku nyingi kwenye damu iliyokauka.

Na mkeo arudi chumbani kwake. Kwa mume na mke waliotulia, kuambukizana kwa tendo la ndoa ni nadra sana. Hatari huongezeka panapokuwa na damu, na siku za hedhi mmeshakatazwa tangu hapo. Apimwe mara moja ili moyo utulie. Kama yupo na mke mwengine ambaye hukumtaja kwenye barua, naye apimwe. Mimi sisemi kitu.

Chakula, kula. Pweza, dagaa, muhogo wa nazi, hakuna nilichokukataza. Sukari na vitu vya kukaanga punguza, maana ini lenye mafuta pamoja na kirusi huharibika upesi zaidi. Njugu na mahindi yenye ukungu tupa, usiwape hata kuku. Kahawa ya barazani endelea nayo: tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache zaidi ya ini, na bahati yetu sisi tunainywa chungu. Kashata ndiyo ya kuipunguza. Pombe umesema hunywi, lakini najua barua hii itasomwa na wengine. Mimi si kadhi. Nasema tu kwamba anayekunywa kwa siri huku ana kirusi hiki, ini lake halidanganyiki.

Kinachonitia hofu kwa wachumaji kuliko chakula ni maumivu ya mgongo. Najua mnavyofanya: mtu anashuka mtini magharibi, anapita dukani, anachukua diklofenaki na Panadol, anameza zote mbili na kesho anarudia. Mpaka ujue hali ya ini lako, Panadol za miligramu 500 zisizidi nne kwa siku nzima, na diklofenaki na ibuprofeni ziache mpaka daktari aseme. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli ndani, na hiyo inahesabiwa.

Siku utakayotapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au tumbo likafura, au macho yakawa manjano, au watu wakakwambia unasema mambo yasiyoeleweka, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile. Na ukija kupona huku ini lilishasinyaa, ultrasaundi itaendelea kila miezi sita, kwa kuwa saratani inaweza kuja hata baada ya kirusi kuondoka.

Damu usichangie tena, hata ukipona. Akitokea shemeji mwengine, mpeleke ndugu yako.

SWALI

Bi Nesi, shikamoo. Nilitibiwa homa ya ini C mwaka jana, nikapimwa baadaye nikaambiwa nimepona. Sasa nataka kwenda Omani kufanya kazi za ndani. Wakala kanirudisha, anasema kipimo kimeonesha bado ninayo. Je, imerudi? Naye ananiambia kuna mtu anaweza kunitolea damu kwa jina langu, nimpe kitu kidogo.

Binti wa Jang'ombe, Unguja

JIBU

Marahaba. Kipimo hicho hakisemi imerudi. Kingamwili zinabaki miaka na miaka, kwa wengi maisha yote, na kipimo cha haraka hakitofautishi aliyepona na anayeumwa. Mimi mwenyewe nikipimwa leo kitasema ninayo. Rudia kipimo cha wingi wa virusi, kwa sababu mbili: upate karatasi mpya yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na muhuri, na pia kwa kuwa mtu aliyepona anaweza kuambukizwa upya akikutana na damu nyengine, kwani kupona mara moja hakumpi mtu kinga.

Karatasi hiyo ipeleke, uitetee. Sikuahidi kwamba itakubaliwa. Vipimo vya wafanyakazi wanaokwenda nchi za Ghuba vinatazama kingamwili, na wakaguzi wengi wakishaona alama hiyo hawasomi ukurasa wa pili. Kwangu mimi huo ni uonevu, kumhesabu mzima kuwa mgonjwa, na natamani kanuni ibadilike. Lakini huyo wa kukutolea damu mkatae. Huko unakokwenda utapimwa tena ukifika, na ukirudishwa kutoka Maskati deni la nauli litakuwa lako na wakala hatapokea simu.

SWALI

Mwanangu alikuwa anajidunga unga. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia aache unga, kituoni Kidongo Chekundu kila asubuhi, amebadilika, alhamdulillah. Amepimwa ana homa ya ini C. Mtu mmoja kaniambia wala unga hawatibiwi C mpaka waache kila kitu, na methadoni pia. Ni kweli?

Mama wa Amani, Unguja

JIBU

Si kweli, mama, na huyo mtu asikurudishe nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu mwenye kirusi cha kudumu atibiwe, akiwemo anayejidunga na anayetumia methadoni. Methadoni haigombani na sofosbuviri wala daklatasviri. Tena anakwenda kituoni kila asubuhi: ombeni, kama itawezekana, vidonge vyake vya C avimeze pale pale akipewa methadoni. Hapo hakuna kidonge kitakachosahauliwa.

Kuacha methadoni ili apate dawa ya C ndiyo hatari kubwa kuliko zote, maana akirudi mtaani kirusi kinamsubiri tena. Mweleze waziwazi, kwa upole na bila kumkumbusha ya nyuma, kwamba hakikai kwenye sindano peke yake. Kimo kwenye kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia. Vijana wengi wanaojitahidi kutoazimana sindano wanaazimana hivyo vyengine wakidhani ni salama. Na yeye pia apimwe Ukimwi na homa ya ini B ikiwa hajapimwa.

SWALI

Nina mtoto wa miezi miwili na nimegundulika na homa ya ini C nilipokuwa mjamzito. Mawifi wanasema nimwachishe ziwa nimpe maziwa ya kopo. Na yeye nimpime lini?

Mama mchanga, Mkoani

JIBU

Hongera ya mtoto, na mawifi wapelekee salamu zangu. Nyonyesha. Kirusi hiki hakipiti kwenye maziwa ya mama. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, pumzisha ziwa hilo, kamua maziwa uyamwage, nyonyesha la upande wa pili, na ikipona rudisha. Maziwa ya kopo yanayochanganywa na maji yasiyochemshwa yatamletea maradhi ya tumbo upesi kuliko hicho kirusi.

Watoto wanaokipata kutoka kwa mama ni kama 6 katika kila 100, na wakati hasa ni mimba na uzazi. Usimpime kingamwili sasa, kwa sababu atakuwa bado amebeba zako na mtaogopa bure. Subiri atimize miezi 18. Kama roho haitulii mpaka hapo, muulize daktari kuhusu kipimo cha kirusi chenyewe, hicho kinaweza kufanywa mapema zaidi. Chanjo zake zote apate kama watoto wengine, na ile ya homa ya ini B imo humo humo. Dawa yako wewe kwa kawaida husubiri umalize kunyonyesha, ila vipimo vya ini usivisubirishe. Fanya mwezi huu, siku ile ile unayompeleka mtoto kliniki.